Uliza Seremala: Asilimia Moja ya Kitabuni, Kumi na Saba za Yadini

Barua za mwezi huu ni tatu. Ya kwanza imekula nafasi karibu yote na sijuti, maana swali lake nimeulizwa barazani, nimeulizwa msikitini, na juzi nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya feri nikiwa na jogoo mkononi. Nimeifupisha kidogo.

"Assalaam aleikum, Mzee. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ya mawe, kuta zake unene wa dhiraa. Chini kuna vyumba viwili vilivyolala sambamba, kila kimoja upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 4.2, na ukuta katikati yao. Juu ni ukumbi mmoja tu, kisha mabati. Boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu zimeliwa na mchwa upande wa uani. Twataka kuutoa ule ukuta wa kati tupate sebule moja, na mahali pake tupitishe bimu ya mbao za saiprasi zilizopigiliwa pamoja. Fundi wetu asema mbao nne za inchi kumi kwa mbili. Mpwa wangu anayesomea uinjinia Ohio asema tatu zatosha, kwa sababu kuna kanuni ya kupunguza mzigo, na kwa bimu ya mbao tatu mzigo hupungua kwa asilimia 15. Mbao ya kumi kwa mbili siku hizi si bei ya mchezo. Nani kati yao mkweli?"
Msomaji, Kibokoni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Wote wawili wamekosea. Mwisho wa jibu hili utaona kwamba mbao tatu zaweza kukaa, ila si kwa njia ya mpwa wako.

Nianze na yeye, kwa kuwa amechanganya kanuni mbili zisizokaa hata sura moja ya kitabu. Ile asilimia 15 si ya mzigo, ni ya mbao. Wamarekani wanasema mbao tatu au zaidi zikikaa karibu karibu na kufungwa zikabeba pamoja, kila moja ihesabiwe kuwa na nguvu zaidi kwa asilimia 15 katika kupindwa, kwa sababu yenye kifundo kibaya husaidiwa na jirani yake. Mbao mbili hazipati kitu. Waingereza, katika kitabu chao cha zamani cha mbao ambacho sisi tulilelewa nacho, walitoa asilimia 10. Mzigo wenyewe haukuguswa hata gramu. Tena nyongeza hiyo ni ya kutovunjika. Kutonepa kuna hesabu yake nyingine, na huko Mmarekani hakupi ile 15. Neno hili la kunepa nitalirudia, maana ndiko nilikoumia.

Sasa kanuni ya kupunguza mzigo, ambayo ipo kweli. Wanafunzi wangu wa karakana huwa nawaambia kuna mzigo mkazi na mzigo mgeni. Mkazi ni sakafu yenyewe, dari, plasta, bimu na kila kilichojengwa kikabaki. Mgeni ni watu, vitanda, makabati, masufuria na gunia la mchele. Punguzo ni la mgeni peke yake. Mkazi hapunguzwi, kwa sababu hana siku anayosafiri.

Na kwa nini mgeni apunguzwe? Kwa sababu pahali padogo ni rahisi kujaa. Bibi harusi akishuka garini hapo chini, watu kumi watasongamana kwenye roshani moja kumchungulia, na kila inchi ya roshani ile itakuwa na unyayo juu yake. Lakini sakafu pana kama ukumbi wa shule, ni nadra kila mita yake ijae, siku moja, saa moja. Basi vitabu vinaruhusu bimu inayobeba eneo kubwa ihesabiwe mgeni mwepesi kidogo kuliko yule aliyeandikwa. Kinachotazamwa ni ukubwa wa eneo linaloiegemea bimu. Urefu wake peke yake hausemi kitu, na idadi ya mbao haiingii hapa kabisa.

Bimu yako itabeba nusu ya sakafu ya kulia na nusu ya kushoto: mita 1.35 na 1.35, yaani 2.7, mara 4.2. Ni mita za mraba 11.34. Tubishe hodi kwa vitabu vitatu tuone nani atafungua.

Mmarekani kwanza, kwa heshima ya mpwa wako. Yeye kwa bimu ya ndani hulizidisha eneo hilo mara mbili, kwa sababu bimu huguswa na kilicho juu ya vyumba vyote viwili hadi ukuta wa mbali. Mara mbili ya 11.34 ni 22.68, ambayo ndiyo sakafu yako nzima ya juu. Punguzo lake huanza eneo hilo likifika mita za mraba 37.16, yaani futi 400. Hujafika. Mlango umefungwa.

Mwingereza, katika kanuni yake ya mizigo ya mwaka 1996, alikuwa na jedwali: bimu ikibeba mita za mraba 50 toa asilimia 5, ikibeba 100 toa 10, ukienda hivyo hadi 25 kwa zilizozidi 250, na katikati unakadiria. Kwa 11.34 unapata asilimia 1 na kidogo. Amefungua ufa wa kupitisha kidole.

Yurokodi, kitabu cha kanuni za ujenzi cha Ulaya, ina fomula inayogawanya 10 kwa eneo lako kisha kuongeza nusu, kwa nyumba za kuishi. Kwako inatoa 1.38, na kitabu kinasema jibu likizidi 1 lisomwe 1. Hakuna punguzo.

Kwa hiyo bora ya bora zote ni asilimia 1 ya mgeni. Mgeni wa nyumba ya kawaida katika vitabu vya Kiingereza ni kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Asilimia yake moja na kidogo ni kilo 1.7. Ni pungufu ya pakiti moja ya unga wa sima. Na mwambie mpwa wako asije akachukua punguzo la Mmarekani akalikata kwenye mgeni wa Mwingereza. Kule kwake sebule huanzia pauni 40 kwa futi ya mraba, kama kilo 195 kwa mita, na chumba cha kulala pauni 30. Anayepunguza kutoka 195 na anayepunguza kutoka 150 hawali sahani moja. Kitabu ukikishika, kishike kuanzia jalada hadi jalada.

Hapo bado sijamgusa mkazi, na katika nyumba yako mkazi ndiye mwenye mambo. Sakafu ya Mji wa Kale si ya mbao. Ni boriti zilizopangwa, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, juu yake chokaa iliyopondwa na kukandwa mpaka ikawa jiwe. Wazee walipima upana wa vyumba kwa urefu wa boriti ya mkoko inayofaa, ndiyo sababu vyako ni mita 2.7 na vya jirani yako ni hivyo hivyo. Juzi nilitoboa sakafu moja kama yako kwa nondo nyembamba: sentimita 22 za mawe na chokaa. Mchanganyiko huo mimi huukadiria kilo 1,600 kwa mchemraba wa mita. Ni kama kilo 350 kwa mita ya mraba, kabla hajapanda juu hata paka. Jumlisha na mgeni wa 150, zidisha kwa 11.34, umepata kilo 5,670 za kuiwekea bimu. Mbao tatu za kumi kwa mbili chini ya mzigo huo zingekuwa zimebebeshwa mara tatu ya uwezo wao, na hizo ni mbao nzima, kavu, zisizo na kifundo cha kutisha. Ndio ujue tunabishana juu ya pakiti ya unga huku lori la mawe limeegeshwa mlangoni.

Basi la kwanza: kama unatoa ukuta, sakafu ya chokaa pale juu lazima iondoke yote na iwekwe ya mbao. Boriti zenyewe ushasema zimeliwa. Sakafu ya mbao pamoja na dari na bimu yenyewe mimi huipa kilo 60 kwa mita ya mraba, na hapo nimeipa kwa ukarimu. Sasa jumla ni 210, na bimu inabeba kilo 2,381.

Nikapiga hesabu ya mbao nne za fundi wako kwa urefu wote wa mita 4.2. Saiprasi ya yadi zetu siipi heshima zaidi ya mojawapo ya madaraja ya chini ya kitabu cha Kiingereza, linaloruhusu mbao ikipindwa ikazwe kwa nyutoni 5.3 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) kwa milimita ya mraba, na nikiongeza ile asilimia 10 ya mbao kusaidiana inakuwa 5.83. Mzigo unadai 5.88. Zimekosa kwa asilimia moja isiyotimia! Nilicheka peke yangu mezani. Hapa ndipo ile asilimia 1 ya Mwingereza humjia mtu kama jini mwema: ikate, pengo lizibe karibu lote, upige mhuri uende ukanywe kahawa.

Lakini jana asubuhi nilikwenda yadini na rula yangu ya chuma. Nikachagua mbao sita za kumi kwa mbili ambazo mwenye yadi mwenyewe alizisifu. Nikapima unene: milimita 45. Kimo: 240. Nyingine ilikuwa 238 upande mmoja na 243 upande wa pili, kama suruali iliyoshonwa gizani. Msumeno unakula, kukauka kunakula, na randa ikipita inakula pia. Kwenye hesabu nilikuwa nimeandika 50 kwa 250. Zidisha upana kwa kimo mara kimo, ndivyo nguvu ya bimu inavyokwenda, na utaona umepoteza asilimia 17. Ukitaka ya kunepa, ambayo huenda kwa kimo mara kimo mara kimo, umepoteza asilimia 20. Zile mbao nne zilizokosa kwa uzi mmoja sasa zinadaiwa nyutoni 7.1 na zina 5.83.

Kwa hiyo rula kwanza, fomula baadaye. Nimeona vijana wa chuo wakitafuta asilimia 1 kwenye jedwali ilhali 17 zimelala kwenye vumbi la msumeno, na hawajaondoka ofisini.

Kuna jambo lingine halimo kwenye kitabu chochote kati ya vile vitatu, na mpwa wako kalisahau kwa kukaa ugenini. Ule ukumbi wa juu mwautumiaje? Msiniambie kuna kochi na televisheni tu. Ni nyumba ya Kibokoni. Siku ya harusi wanaume wako chini barabarani na viti vya kukodi, na wanawake wote wako juu. Siku ya hitima ni vivyo hivyo. Mwezi uliopita mke wangu alikuwa kwenye shughuli katika ukumbi kama wenu, nikamwomba anihesabie. Akarudi na 60, bila watoto. Wapige kilo 65 kila mmoja, ni 3,900. Gawanya kwa mita zenu za mraba 22.68: kilo 172 kwa kila mita. Tayari umempita mgeni wa kilo 150 na masufuria ya biriani sijayaweka. Wakianza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, wote wakaitikia kwa miguu kwa pamoja, hapo siandiki namba.

Kanuni ya punguzo imesimama juu ya dhana kwamba mahali pote hapajai kwa pamoja. Nyumba zetu zinajaa kwa pamoja, makusudi, kwa kadi za mwaliko. Ndiyo maana mimi katika Mji wa Kale simpunguzi mgeni hata kitabu kikiniruhusu. Hata hao Wamarekani, mahali pa watu kukusanyika hawapapi punguzo.

Nilisema niliumia kwenye kunepa. Ilikuwa 1994, nyumba ya bara, sitasema mtaa. Bimu ya mita 6 ikibeba upana wa mita 3.6, yaani mita za mraba 21.6. Ukizidisha mara mbili ni 43.2, umevuka kizingiti cha Mmarekani. Fomula yake ni robo, ongeza 4.57 gawanya kwa kipeuo cha pili cha eneo hilo. Inatoa 0.945, punguzo la asilimia 5.5. Nikalichukua. Nikachukua na ile 15 ya mbao kusaidiana. Moja imeshusha mzigo, nyingine imepandisha nguvu, na mbao zangu nne zikawa tatu. Kitabu kinaruhusu zote mbili, sikuiba. Ilikuwa kijana ndani yangu ndiye aliyefurahi.

Haikuvunjika. Mpaka leo haijavunjika. Ila nguvu ni kitu kimoja na ukakamavu ni kingine, nami hesabu ya kunepa niliipitisha haraka kwa mbao za kitabuni, si zile nilizonunua. Baada ya misimu miwili ya kusi mwenye nyumba akaniita. Hakugomba. Alichukua gololi ya mwanawe akaiweka chini karibu na ukuta, akaiachia. Ikaanza polepole, tik, tik, juu ya maungio ya mbao, ikashika njia, ikaenda moja kwa moja hadi katikati ya chumba na kusimama pale kama imepaita nyumbani. Kisha akaniomba nifunge mlango wa chumba cha chini. Haukufunga, fremu ilikuwa imekaliwa. Tulivuta uzi: sentimita 3. Nguzo niliyoiweka chini ya bimu ile niliilipia mfukoni mwangu, na gololi aliniachia. Iko hapa kwenye mfuko wa shati ninapoandika, ya kijani.

Basi ufanye nini? Usiutoe ukuta wote. Acha sentimita 60 kila upande zishikane na kuta za nje, ubaki na uwazi wa mita 3. Sebule yako haitajua tofauti, utaweka kabati pale. Mzigo wa kila mita ya bimu ni ule ule, lakini kupindwa huenda kwa urefu mara urefu, hivyo umekata nusu. Mbao tatu za yadini, zile zile za 45 kwa 240, sasa zinadaiwa nyutoni 4.8. Wanawake 60 wakipanda inakuwa 5.3. Zote ziko chini ya 5.83. Kunepa ni milimita 5 na kidogo, na kinachovumilika kwa mita 3 ni 9. Mwambie mpwa wako mbao tatu zake amezipata, ila amepewa na ukuta.

Kila mbao iwe nzima kutoka ncha hadi ncha. Misumari ya inchi nne, safu ya juu na safu ya chini kwa kupishana. Mbao mbili za yadini ni milimita 90, kwa hiyo ncha itatokeza upande wa pili, ikunje. Ya tatu ipigiliwe juu ya hizo. Mimi huongeza bolti za milimita 12 na washa pana, kwa kuwa hewa ya hapa hula misumari. Mbao za sakafu zikae juu ya bimu. Zisininginie ubavuni, la sivyo mbao ya pembeni itabeba peke yake huku wenzake wawili wakitazama. Kila ncha ya bimu itatua na kilo 850 hivi, na jiwe la matumbawe husagika likibanwa pahali padogo, kwa hiyo weka kitako cha zege chini ya kila ncha. Acha nafasi ya hewa kuzunguka kichwa cha mbao, na dawa ya mchwa ipakwe hasa pale ilipokatwa. Propu, yaani nguzo za muda, zisimame pande zote mbili za ukuta kabla ya jiwe la kwanza kutoka, na zikae juu ya mbao pana, si juu ya vigae.

Na kabla ya yote hayo, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kuna ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, na kuna kaunti. Peleka mchoro uliotiwa saini na injinia aliyesajiliwa. Hesabu zangu za gazetini ni za kukuwezesha kumuuliza maswali, zisikae mahali pa saini yake.

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa Likoni. Maji yetu huja mara mbili kwa wiki. Nataka kuweka tangi la lita 1,000 kwenye stoo ya juu, sakafu ni ya mbao. Kwa kuwa tangi halijai kila siku, si mzigo wake waweza kupunguzwa?"

Marahaba, mama. Hapana, na hili nalisema bila hesabu ndefu. Punguzo ni kwa mgeni usiyejua atakuja lini na wangapi. Tangi unalijua: siku maji yakija litajaa hadi juu, kilo 1,000 za maji na plastiki yake, na litakaa pale pale. Mzigo unaojulikana hivyo kitabu cha Kiingereza kinaukatalia punguzo, na Mmarekani naye hampunguzi mgeni mzito aliyezidi pauni 100 kwa futi ya mraba, kwa bimu inayobeba sakafu moja. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.1 linakanyaga eneo lisilofika mita moja ya mraba. Ni mara saba ya mgeni ambaye sakafu ya nyumba ilihesabiwa.

Liweke chini uani kwenye zege, na juu uwe na pipa la lita 200, nalo kwenye kona ambako kuta mbili zinakutana, lipandishiwe na pampu ndogo. Halafu nakuuliza tu: ile mitungi ya lita 20 kwenye ujia, ni mingapi? Ikiwa ni 15 kama kwangu, hizo ni kilo 300 zimepangwa mstari mmoja. Zisogeze zikae kukingama na mbao za sakafu, zigawane mbao nyingi. Zikifuata mbao moja, hiyo moja ndiyo inayozibeba zote.

"Mzee, mimi ni fundi wa Changamwe, miaka 22 kazini. Natengeneza bimu za mbao mbili za sita kwa mbili kwa baraza na vibanda, uwazi wa mita 3, naunga katikati pale mbao inapokuwa fupi, na haijaanguka hata moja. Hizi fomula za nini?"

Fundi mwenzangu, salamu. Kwa baraza la mabati mepesi lisilopandwa na mtu, miaka yako 22 naiheshimu, na punguzo la mzigo hulihitaji kwa sababu hakuna mzigo wa kupunguza. Hapo cha kuogopa ni upepo unaovuta juu. Punguzo la eneo halikusaidii huko, na paa jepesi halina uzito wa kujishikilia. Tazama misumari yako ya mabati na ule waya unaofungia kenchi.

Ila ule mstari wako wa kuunga katikati umenitoa usingizi. Katikati ya uwazi ndipo bimu inapopindwa zaidi. Ukiunga moja ya mbao mbili pale, umebaki na bimu ya mbao moja, na ile ya pili ni pambo. Mbao fupi iungwe juu ya nguzo tu. Kama hakuna nguzo, nunua ndefu. Na yale mabaraza ya zamani, chukua uzi siku moja ya Jumapili, ufunge ncha mbili za bimu chini yake, upime katikati kwa rula. Ikizidi milimita 9 kwa mita 3, simamisha nguzo kabla ya mvua za Machi. Niandikie umepata ngapi.